Sindano ni Sindano

"Sindano ni sindano, fundi. Kwani unachagua mchumba?"

Maneno hayo niliambiwa dukani, hapa hapa Malolo, na mtu ambaye ukimwendea kwa mchele anakuuliza unataka wa wapi, mpya au wa zamani, unaoshikana au unaochambuka. Sabuni anazo za mche, za unga na za kunukia. Dawa ya mbu anayo ya kuwasha, ya kupaka na ya kupuliza. Ila ukitaja sindano ya cherehani, elimu yake imefika ukingoni: ipo au haipo. Nilimwomba namba 11. Akanyoosha mkono juu ya kopo la pipi, akatoa sindano moja iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Haina pakiti wala ukoo.

Niliitoa nje nikaigeuza juani, maana namba huchongwa kwenye shina lake, pale juu panaponenepa. Macho yangu yana miaka 57, na aliyechonga ile namba naona alikuwa na macho ya miaka saba. Nikamwita mpwa wangu. Kwa desturi zetu huku mjomba ndiye mwenye sauti, lakini siku hizi mwenye simu ndiye mwenye habari. Akaipiga sindano picha, akaikuza kwa vidole viwili mpaka ikawa nene kama mchi.

"Kumi na sita, mjomba."

"Soma vizuri."

"Kumi na sita, mjomba. Na nyuma yake mia."

Nilikuwa nimebakiza siku mbili kumaliza gauni la satini la bibi harusi.

Watu wananiita fundi muongo. Nalijua hilo. Kila fundi cherehani Tanzania hii ameshaitwa muongo, na mara nyingi kwa haki: tumesema "njoo kesho" kwa watu ambao vitambaa vyao bado vimekunjwa vile vile walivyovileta. Lakini hakuna anayeuliza kwa nini. Nitawaambia kwa nini. Jumatatu moja tu, kabla jua halijafika kwenye kizingiti cha baraza langu, niliyempokea kwanza ni mama mwenye doti ya kanga, anataka ikatwe na kupindwa, anangoja hapo hapo na mtoto mgongoni. Akafuata kijana mwenye suruali ya jinzi ya mtumba, anataka ibanwe iwe modo. Akaja binti na dera la shifoni lililochanika kwapani, jepesi hata ukilipulizia linakwenda kwa jirani. Halafu mzee mmoja, shikamoo nyingi, marahaba nyingi, na chini ya kwapa turubai la kuanikia ufuta, limepasuka katikati. "Lipigie mstari mmoja tu, mwanangu, ufuta uko shambani."

Vitambaa vinne, na mimi nina sindano moja. Na wote wanne walisema neno lile lile: haraka.

Niwaeleze, kwa kuwa hakuna mwingine atakayewaeleza. Kila sindano ya cherehani ina namba mbili, ndogo na kubwa, kama mwanaume wa kwetu mwenye jina la kuzaliwa na jina la jandoni. 11 ndiye 75. 14 ndiye 90. 16 ndiye 100, na 18 ndiye 110. Ile kubwa ndiyo yenye siri: inataja unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita. 90 maana yake 0.9 ya milimita, 75 ni robo tatu. Kwa hiyo kati ya sindano niliyoomba na niliyopewa kuna tofauti ya robo milimita. Robo milimita! Ukimsimulia mtu anakucheka. Usimsimulie mtu, isimulie satini. Satini huoni tundu likitobolewa, unaona uzi mmoja wa kitambaa umevutwa, unakimbia kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo, unang'aa kuliko wenzake, na hakuna pasi duniani itakayourudisha.

Ukifanya kinyume chake, ukaingia kwenye turubai na sindano nyembamba, nayo ina mambo yake. Inapinda kidogo ikiwa ndani, ikishuka inagonga chuma cha chini, inalia *pa!* na ncha inaruka. Wengine wanavaa miwani. Mimi nafumba jicho moja, lile ninalolipenda zaidi.

Cherehani changu ni cha mguu, cheusi, kilichoachwa na marehemu mama yangu, ambaye alikinunua kwa fedha za korosho msimu ambao korosho zilikuwa na adabu. Meza yake ina droo mbili. Ya kulia ina bobini, chaki, mkasi usiokata na deni langu la daftari. Ya kushoto ina lile tambara la mama la kufutia mafuta, bunda la viraka vilivyoshikizwa pamoja, ambalo kila nikilishika vibaya linanichoma kidole. Mama aliacha pini humo, Mungu amrehemu. Mwaka hauishi bila tone langu moja la damu.

Zamani mama alishonea watu wa vijiji vitatu, na wala sikumbuki akilalamika. Nimekuja kuelewa sababu. Enzi zake watu walivaa pamba. Kaniki, kanga, khaki, na kabla yake ile marekani, kitambaa cheupe kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Kimarekani karne ya 19 mpaka kikachukua jina la kwao. Baadaye kikaja cha Urafiki, kiwanda kile cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Pamba nayo ni pamba: sindano namba 14 ukiichomeka asubuhi unaweza kushona kijiji kizima na ikirudi bado inakusalimia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata hiyo pamba ilikuwa ya kupanga foleni. Halafu akaja yule rais tuliyemwita Mzee Ruksa, milango ikafunguliwa, mitumba ikaingia, na ndani ya marobota yale vikaingia vitambaa vya kila namna vilivyowahi kubuniwa na binadamu: vya kuvutika, vya kuteleza, vya kunata, vya mpira mpira, vingine ukivishika usiku vinatoa cheche. Watu wakafurahi. Hakuna aliyemwona mama yangu kwenye kona na namba 14 yake.

Sasa nije kwenye jezi, kwa sababu jezi ndiyo iliyoniharibia jina.

Mteja wangu mmoja ni shabiki wa Namungo, timu ya Ruangwa yetu, na siku timu inacheza nyumbani hatoki Malolo bila jezi. Jezi ikachanika ubavuni. Nikaishona kwa mshono mzuri, mnyoofu, wa kupigia picha. Akanishukuru, akanilipa, akaondoka. Wiki ya pili karudi. Kando ya mshono wangu palikuwa na vitundu vidogo vidogo, vimejipanga kama njia ya siafu, na kila kimoja kimeanza kushuka ngazi. Alisema mbele ya watu kwamba nimemfanyia makusudi kwa vile mimi si wa Namungo. Nikakana. Hata sasa nakana, ingawa hilo la timu ni kweli.

Mpwa wangu ndiye aliyenieleza, kwa sauti ile ya vijana wanapowafundisha wakubwa, ya upole wa kuudhi.

"Mjomba, jezi haikufumwa kama kanga. Kanga ni nyuzi zinazopishana, hii juu, hii chini. Jezi ni vitanzi vinashikana mikono. Sindano yako kali inakikata kitanzi kimoja, na wenzake wote wanaachiana."

"Sasa nishone na nini, na kijiko?"

"Kuna sindano ya ncha ya mviringo. Haikati. Inasukuma uzi pembeni, inapita."

Kwa hiyo kumbe duniani kuna sindano yenye adabu! Inapita kwenye kitambaa kama mtu mzima anayepita katikati ya waliokaa msibani, samahani mama, samahani baba, mpaka afike kwenye mkeka wake bila kumkanyaga mtu. Na miaka yote nimekuwa nikiingia misibani na pikipiki.

Jinzi inataka kali, namba 16, na pale mguuni panapokutana mikunjo minne mtu apunguze mwendo, azungushe gurudumu kwa mkono. Ngozi nayo ina yake, ncha kama patasi. Mimi ngozi sishoni, nina matatizo ya kutosha.

Basi nikapanda bodaboda kwenda Ruangwa mjini. Nauli ya kwenda na kurudi ingeninunulia sindano za mwaka mzima, lakini sikuwa nakwenda kwa ajili ya hesabu, nilikuwa nakwenda kwa ajili ya heshima. Duka la kwanza walikuwa na namba 14. La pili namba 14 na 16. La tatu kijana alinipa pakiti nzima ya sindano kumi, mpya, inang'aa, imeandikwa 14. Nikashukuru, angalau hii ina ukoo. Nilipofika nyumbani zikagoma kuingia. Zilikuwa na shina la duara, za vyerehani vile vikubwa vya umeme vya viwandani. Cherehani cha nyumbani kinataka shina lililobapa upande mmoja, pakiti yake imeandikwa 130/705H. Ninaiandika hapa kwa sababu niliilipia.

Na hata ile ya shina bapa haichomekwi ovyo. Ina mfereji mrefu upande mmoja, na mfereji huo lazima uangalie kule uzi unakotokea kuingia tunduni. Ukiigeuza, hakuna mshono. Watu wanadhani kazi ya sindano ni kutoboa. Kutoboa hata mwiba unatoboa. Sindano ya cherehani inashuka na uzi, halafu ikianza kupanda, hapo hapo, uzi unalegea nyuma yake na kufanya kitanzi kidogo, na kindoano cha chini kinapita mbio kukidaka na kukizungusha kwenye uzi wa bobini. Kikikosa, cherehani kinaruka. Sindano ikipinda kidogo tu, kindoano kinadaka hewa. Ikiwa butu, haitoboi, inasukuma kitambaa kwenda nacho shimoni, ndipo unasikia watu wanasema cherehani kinakula nguo. Cherehani hakina njaa. Ni sindano ya tangu Idi iliyopita.

Nakiri hapa, na mke wangu asisomewe: sindano moja nimewahi kukaa nayo kutoka korosho mpaka korosho. Wajuao husema ibadilishwe baada ya saa nane hivi za kushona. Saa nane! Mimi yangu ilikuwa inapata mapumziko siku ya Ijumaa tu. Ikianza kulia *tok, tok, tok*, naipitisha nywelani. Ikizidi kulia, nainoa kwenye jiwe la kisu. Jamani, nilikuwa nainoa sindano kwenye jiwe la kisu, halafu nalalamikia uzi wa Kichina kwamba unakatika. Ukitaka kujua kama ncha imekufa, ipitishe taratibu juu ya ukucha wa gumba. Ikiacha mchirizi mweupe, itupe. Ile yangu ilichora ukucha kama jembe la ng'ombe.

Ukiwasha redio ya wazee jioni, wenye asili ya Nachingwea watakusimulia habari za karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, wakaja na matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kubebea karanga. Kongwa udongo ulikauka ukawa sakafu, majembe yakaisha meno. Kufikia 1951 mpango umekufa, pauni milioni 36 zimekwenda, na reli yenyewe baadaye iling'olewa. Wazee hulaumu mvua, hulaumu ukoloni. Mimi fundi naona jambo jingine kabisa: wale mabwana walichomeka namba 18 kwenye shifoni. Hakuna aliyepitisha ncha kwenye ukucha. Kitambaa kikaliwa, na fundi akapanda meli akaenda zake.

Turudi kwenye satini.

Usiku wa kuamkia harusi nimebakiza pindo na zipu. Nilikuwa nashona kwa ile namba 14 yangu ya zamani, mwendo wa kinyonga, kitambaa kimewekewa karatasi ya gazeti chini kisivutwe. Kwenye zipu ikakatika. Nikabaki na ile 16 isiyo na ukoo. Saa tatu usiku nikavaa kandambili nikaenda kwa yule yule wa "sindano ni sindano", duka lilikuwa linafungwa, nikasema, nisaidie, yoyote nyembamba uliyonayo.

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Sindano? Usiku huu?"

Nilikuwa nimesahau. Sindano haiuzwi usiku. Mchana kutwa sindano ni sindano, haina namba, haina tofauti, inachanganywa na pipi. Likishazama jua inakuwa kitu kizito cha kuondoa baraka dukani, haitajwi hata jina.

"Huna wazee kwenu wa kukufundisha?" akaniuliza.

"Bibi harusi anavaa saa nne asubuhi."

"Njoo kesho."

Mimi! Mimi nikaambiwa njoo kesho! Nilisimama pale gizani nikiwafikiria watu wote niliowahi kuwaambia maneno hayo, na nadhani nao, huko walikolala, walitabasamu.

Kuna hadithi juu ya Elias Howe, Mmarekani aliyepata hati ya ugunduzi wa cherehani mwaka 1846. Inasimuliwa kwamba alihangaika sana aweke wapi tundu la sindano, mpaka usiku mmoja akaota washenzi, ndivyo wanavyosimulia wao, wamemzunguka na mikuki iliyotobolewa kwenye ncha. Akaamka akajua: tundu liwe kwenye ncha, si kwenye mkia kama sindano ya mkono. Mimi usiku ule nililala nusu saa kwenye kiti, nikaota mashangazi wa bibi harusi wamenizunguka na mikuki. Haikuwa na matundu. Sikugundua kitu.

Niliposhtuka taa ilikuwa inawaka na mke wangu amesimama mlangoni.

"Umemaliza?"

"Sindano."

"Si utafute kwenye vitu vya mama."

Wanawake wana namna ya kusema jambo kama vile limekuwa mezani siku zote. Nikavuta droo ya kushoto kwa hasira, ili kumwonyesha kwamba hamna kitu, nikashika lile tambara, likanichoma. Safari hii nikalifungua nimtoe huyo adui.

Haikuwa pini. Lilikuwa bunda la vipande saba vya vitambaa, kila kimoja ukubwa wa kiganja, vimeshikizwa pembeni kama kurasa za msahafu. Cha kwanza kanga, na ndani yake imechomekwa sindano. Cha pili khaki, ina yake, nene kidogo. Turubai, ina lisindano la kutisha. Kipande cha fulana, na sindano ambayo nilipoipitisha kwenye ukucha haikuchora kitu, iliteleza, ya mviringo. Melimeli. Kitambaa cha suti. Na mwisho kabisa satini ya waridi, ambayo naijua, ni ya gauni la dada yangu la harusi, na katikati yake sindano nyembamba mpaka ilibidi niinamishe kichwa mwanga uipate.

Mama hakujua kusoma namba. Kisomo cha watu wazima alikwenda siku mbili akasema mwalimu anachelewesha kazi. Kila sindano alikuwa ameichomeka kwenye kitambaa chake, basi, kila moja inalala kwao. Na hakuna hata moja yenye kutu, kwa sababu miaka kumi na moja nzima mimi, mtaalamu, nimekuwa nikilifutia bunda lile mafuta ya cherehani nikidhani ni tambara.

Mke wangu hakusema kitu. Alirudi kulala, na nilisikia anacheka kwa pua.

Zipu iliingia kama inateleza kwenye maziwa. Hakuna uzi uliovutwa. Saa mbili asubuhi akaja mama mkubwa wa bibi harusi, mwanamke ambaye mijini wangemwajiri bandarini kukagua mizigo. Alilikung'uta gauni, akaligeuza ndani nje, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mshono wote kutoka kwapani hadi chini. Nilikuwa sijapumua.

"Fundi," akasema, "leo umeshona. Umetumia sindano gani?"

"Ya marehemu mama."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akalikunja gauni akampa binti aliyekuja naye. Kisha akainama, akalichukua bunda la buluu alilokuwa ameliegesha nje ukutani, akalitandaza juu ya cherehani changu, vumbi la ufuta likaruka mpaka kwenye bobini.

"Basi nipigie na hili turubai," akasema. "Lakini kwa sindano hiyo hiyo."